Heroe Watatu wa Mwarobaini: Shajara ya Kazi

Machi, kabla ya mvua

Kazi imekubaliwa: heroe (flamingo) watatu wa mti, wa kimo cha kweli, watakaosimama kwenye bustani ya shule ya msingi upande wa Mambrui. Malipo ya kwanza yameingia, magogo bado. Shajara hii naiandika kwa ajili ya wachongaji wenzangu walioniuliza miguu nitaifanyaje, na pia kwa sababu safari hii sitaki kuchonga heroe wa kibandani.

Heroe wa kibandani mnamjua. Ana mwili wa bata, shingo iliyopinda kana kwamba haina mfupa ndani, mdomo wa kasuku, na rangi ya waridi iliyokolezwa kutoka utosini mpaka kwenye kucha. Watalii humpenda, na mimi mwenyewe nimelipa karo za watoto kwa kumuuza, kwa hiyo simtukani. Lakini watoto wa Mambrui wana mlango wa mto Sabaki karibu na kwao. Kuwawekea bustanini ndege ambaye wakienda mtoni hawatamkuta ni kuwafundisha wasiamini macho yao.

Mwalimu mkuu alikuja na sharti moja.

"Fundi, wawe pinki. Watoto wanapenda pinki."

"Mwalimu, heroe wa huku si pinki hivyo."

"Kwani ni rangi gani?"

Nikamwambia twende mtoni kwanza, habari ya rangi tutaizungumza tukirudi.

Machi, mlango wa Sabaki

Tulikwenda maji yakiwa yamekupwa: mwalimu, mimi, na mpwa wangu anayejifunza kazi. Mto huu huko bara unaitwa Athi, ukishuka unakuwa Galana, na ukifika kwetu ni Sabaki. Unaingia baharini kilomita chache kaskazini mwa mji wa Malindi. Mvua zikinyesha bara huteremsha udongo mwingi hata bahari ya Malindi ikageuka kahawia, na wenye mahoteli hununa. Ndege hawanuni. Udongo huo ndio unaotandika matope na mafungu ya mchanga pale mlangoni, na chakula chao kimo humo.

Mzee mmoja alikuwa ameketi akishona nyavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mnatafuta nini?"

Tulipomwambia, akatuelekeza kwa kidevu upande wa fungu la mchanga, kisha akatukataza kukata njia kwenye majani marefu kwa sababu viboko walikuwa bado hawajarudi majini. Viboko wa Sabaki si wa kufanyiwa mzaha. Tulizunguka.

Kwa asiyewajua: huku kwetu kuna heroe wa aina mbili. Heroe mkubwa, kwa jina la kitaalamu Phoenicopterus roseus, ana kimo cha sentimita 110 hadi 150, mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi, na jicho la manjano hafifu. Heroe mdogo, Phoeniconaias minor, hafiki mita moja, mdomo wake ni mwekundu mzito ambao kwa mbali waonekana mweusi, na mwili wake una waridi zaidi. Asubuhi hiyo waliokuwapo karibu wote walikuwa wakubwa. Walisimama kwenye maji ya kina kifupi, vichwa chini, na kwa mbali walikuwa weupe tu. Mwalimu aliwatazama kwa darubini yangu kuukuu, akainyima macho kidogo, akaitazama tena.

"Lakini hawa ni weupe, fundi!"

"Subiri."

Hatukungoja sana. Mtumbwi ulipita karibu nao, wakaanza kukimbia juu ya maji kama ilivyo desturi yao kabla ya kuruka, kisha mabawa yakafunguka. Sehemu ya mbele ya bawa ni nyekundu iliyoiva, na manyoya ya kurukia ni meusi tititi. Rangi ile ilikuwapo tangu mwanzo, imefunikwa tu. Mwalimu alitoa sauti ambayo sitaiandika hapa maana nitakosa kazi.

Mashauri yakaishia hapo hapo ufukweni. Heroe wa kwanza atakuwa anakula, kichwa chini. Wa pili atasimama kwa mguu mmoja. Wa tatu atafungua mabawa yote mawili, jinsi wanavyofanya wakijionyesha kwa wenzao wakati wa kutafutana wachumba. Wekundu atakaoupata mwalimu utakuwa kwenye bawa hilo.

Kabla ya kuondoka nilimwonyesha mpwa wangu mashimo ya duara kwenye tope, yenye kifungu kidogo katikati. Huo ni ulaji wa heroe mkubwa: anazungusha mwili huku akikanyagakanyaga, kichwa kikibaki karibu pale pale, na anachoacha ni pete kwenye matope. Tutazichora pete hizo kwenye saruji ya chini. Nimezipima kwa shubiri na kuziandika kwenye karatasi ya sigara ya mzee wa nyavu, kwa kuwa daftari nililiacha kwenye pikipiki.

Aprili, magogo

Mti ni mwarobaini, wala sikufikiria sana. Muhugu na mpingo hukua polepole, na sisi wachongaji wa Kenya tumeshaimaliza mno misitu yake. Tangu miaka ya 1990 kulikuwa na kampeni ya kutuhamishia kwenye miti inayokua haraka, na mwarobaini ukaonekana kufaa: umejaa pwani nzima, wadudu hawaupendi, na ukipigwa msasa vizuri unang'aa. Wazee wa kazi waliubeza wakati ule. Leo wengi wao ndio wanaoutumia.

Kwa mwili nilitaka gogo nene lisilo na fundo. Kwa shingo nilitaka matawi yaliyopinda yenyewe, kwa sababu ukikata shingo ya heroe kutoka kwenye ubao ulionyooka, nyuzi za mti zinakatika kwenye kila kona na shingo itavunjika siku mtoto wa kwanza atakapoishika. Mchagua nazi hupata koroma, lakini shingo nilizichagua hivyo hivyo. Nilizunguka mashamba ya Gede nikitazama juu mpaka mwenye shamba mmoja akaniuliza kama natafuta nyuki.

Shingo ya heroe haipindi kama mpira wa maji. Ina mifupa 19, na mingi ni mirefu, kwa hiyo ukimtazama vizuri akiwa amekunja unaona kona ndogondogo, sehemu iliyonyooka, kona, sehemu iliyonyooka. Hapo ndipo tezo langu litakapofanya kazi. Tawi lenye mafundo yaliyokaa mahali pake ni bora kuliko tawi lililopinda kwa ulaini.

Miili nimeipasua katikati, nimekomba ndani mpaka ukabaki unene wa vidole viwili, kisha nimeiunganisha kwa gundi na kuibana kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Sababu ni mbili. Heroe mkubwa mzima ana kilo 2 hadi 4 tu, na mwili wa mti mbichi usiokombwa ungekuwa na uzito ambao hakuna miguu ya kuubeba. Tena mwarobaini mbichi ukikauka mzima mzima unapasuka. Nimepaka nta kwenye ncha, nimefunga yote kwa magunia, yako kivulini nyuma ya banda. Hakuna la kufanya ila kungoja.

Aprili, mvua imekolea: miguu

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo heroe wa vibandani wote wanapoharibika.

Miguu itakuwa ya nondo ya milimita 12. Mti hauwezi kubeba. Wa wembamba huo utavunjika na wa unene wa kutosha utamfanya ndege awe meza. Nondo inapita ndani ya tumbo, inachomelewa kwenye bamba la chuma, na bamba linafungwa kwa skrubu kwenye mti kabla nusu mbili hazijaunganishwa. Upande wa chini nondo inaingia ndani ya saruji.

Fundi wa vyuma alikunja ya kwanza kwenda mbele, kama goti la mtu.

"Kunja kwenda nyuma, kaka."

"Goti gani linakunjika nyuma?"

Si goti. Kile kiungo tunachokiona katikati ya mguu wa heroe ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko juu, limefichwa ndani ya manyoya karibu na tumbo, na linakunjika mbele kama letu. Chini ya kifundo ule mfupa mrefu ni sehemu ya wayo, na ndege anatembea kwa vidole. Fundi alisikiliza, akatazama mguu wake mwenyewe, akainuka kwenye ncha za vidole, akasema, "Basi heroe amevaa viatu vya visigino." Nikamwacha na maelezo yake kwa kuwa nondo aliikunja sawasawa.

Mguu mmoja ulinisumbua kichwa zaidi. Wachongaji huchukua heroe wa miguu miwili, wakakunja mmoja, basi. Ukimfanya hivyo anaonekana anaanguka, na kwa nondo anaanguka kweli, kwa sababu uzito wote uko upande. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Atlanta, Marekani, Young-Hui Chang na Lena Ting, walichapisha utafiti walioufanya kwa maiti za heroe. Maiti ikisimamishwa kwa mguu mmoja ilisimama bila kuanguka, viungo vikijifunga vyenyewe bila msuli kufanya kazi. Ikiwekwa kwa mkao wa miguu miwili haikusimama. La muhimu kwangu mimi mchongaji ni hili: anaposimama kwa mguu mmoja, mguu huo unaingia ndani kwa mshazari mpaka wayo unakaa chini ya katikati ya mwili. Haubaki upande wake.

Kwa hiyo nilining'iniza timazi kutoka kwenye kifua cha mfano wa udongo, nikatia alama chini, na hapo ndipo nondo ilipoelekezwa. Heroe akatulia. Unaweza kumsukuma kwa kidole akayumba na kurudi.

Vidole vya mbele ni vitatu na vina utando kama wa bata, jambo ambalo wengi hawalijui kwa kuwa daima umo majini. Heroe anaweza kuogelea vizuri. Utando tumeufanya kwa bati la paa kuukuu, tukalichomelea, tukapaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Hewa ya chumvi ya huku haina urafiki na chuma.

Tulipokuwa tukipaka, mpwa wangu aliuliza kama zile pete za kutu zilizojifunga kwenye nondo ya kwanza tuziache, zinapendeza. Nikamsimulia habari za pingu za Magadi. Mwaka 1962 heroe wadogo walitaga kwa wingi kwenye Ziwa Magadi badala ya Natron, na magadi yakaganda kwenye miguu ya vifaranga yakawa pete nzito, wengine wakashindwa kutembea. Watu walikwenda na nyundo, wakawakamata mmoja mmoja na kuwavunjia pete hizo, walikomboa maelfu. Aliposikia hivyo akazisugua zote kwa brashi ya waya bila kuambiwa tena.

Mei, mdomo

Kichwa cha heroe anayekula ndicho nilichokiogopa, na nimekipenda kuliko vyote.

Ndege wengi wakila, mdomo wa chini ni mdogo na wa juu ni mkubwa. Heroe ni kinyume. Mdomo wa chini ni mzito, mpana, umechimbika ndani kwa ajili ya ulimi. Wa juu ni mwembamba, umekaa juu yake kama kifuniko, na unaweza kusogea. Sababu ni kwamba anakula kichwa kikiwa kimepinduka. Anashusha shingo mpaka utosi uko karibu na tope, mdomo ukielekea nyuma kwenye miguu yake, kwa hiyo wa juu unakuwa chini na wa chini unakuwa juu. Ile kona katikati ya mdomo, inayomfanya aonekane amevunjika, ndiyo inayowezesha mdomo mzima kulala sambamba na tope huku ukifunguka mwanya mdogo ulio sawa kote.

Ndani kuna safu za vichujio. Ulimi, ambao ni mnene na una miiba laini, unasukuma mbele na nyuma mara kadhaa kwa sekunde: maji yanaingia, maji yanatoka, chakula kinabaki. Heroe mkubwa ana vichujio vya macho makubwa kidogo, anachuja viduvi, mabuu na kome wadogo wa kwenye tope. Heroe mdogo anachuja mimea midogo isiyoonekana kwa jicho inayoelea karibu na uso wa maji. Ndiyo maana wawili hao wanaweza kusimama kwenye maji yale yale bila kunyang'anyana sahani. Warumi wa kale waliula ulimi huo. Plinius, mwandishi wao, aliandika kwamba Apicius, mlafi wao mashuhuri, aliusifia ladha. Ulimi wote huo wa mashine kuishia kwenye sinia, si ustaarabu.

Mwaka 2025 ulitoka utafiti mwingine uliofanywa kwa heroe wa Chile katika bustani ya wanyama ya Nashville. Umeonyesha kuwa heroe hangoji chakula kije. Akivuta kichwa juu kwa ghafla anatengeneza kimbunga kidogo cha maji kinachoinua vitu kutoka kwenye tope, na kwa kukanyagakanyaga anavisukuma kuelekea mdomoni. Nimesoma habari hiyo nikayakumbuka yale mashimo ya Sabaki. Nimeamua mguu mmoja wa heroe anayekula uwe umeinuka kidogo, uko njiani kukanyaga.

Mpwa wangu alipoona kichwa nilichokwisha kukichonga kimelala juu ya benchi, utosi chini, akakigeuza.

"Mjomba, hiki umekiweka vibaya."

"Hebu kirudishe."

Akakirudisha, akainama akakitazama kwa chini, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo nimempa vidole vyote vya kuchonga yeye.

Vichujio nimevikata kwa kisu kidogo kwenye ukingo wa mdomo, vingi kadiri mti ulivyoruhusu. Hakuna atakayeviona isipokuwa mtoto atakayelala chini. Watoto hulala chini.

Mei, mwishoni

Mwili wa pili umepasuka mstari mmoja mgongoni. Umezibwa kwa vumbi la msumeno na gundi. Bawa litaufunika. Mvua haijatuacha tufanye lolote jingine.

Juni, habari ya kiota

Mwalimu amepiga simu. Kamati ya wazazi inataka kiota na kifaranga.

Nilimjibu kwamba kiota sitakifanya. Heroe hawatagi huku kwetu. Wanajenga viota vya matope, vilima vidogo vyenye kibonde juu cha yai moja, kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, mahali ambapo mbwamwitu na binadamu hawafiki kwa urahisi. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki, ambao ni karibu robo tatu ya heroe wadogo wote duniani, wanategemea Ziwa Natron la Tanzania peke yake kama mahali pao pa kudumu pa kutagia. Kwa muda mrefu wataalamu hawakujua wanatagia wapi. Leslie Brown, afisa wa kilimo wa Kenya ya kikoloni, aliviona viota kutoka kwenye ndege mwaka 1954, akajaribu kuvifikia kwa miguu. Matope ya magadi yakamchoma miguu vibaya, akalazwa hospitali akabandikwa ngozi mpya. Ndege anapita pale pale kwa vidole vyake vyembamba bila kudhurika.

Niliendelea kwa muda kwenye simu, hadi kwenye mpango wa kiwanda cha magadi uliotaka kujengwa Natron na ambao kampuni ya Tata ya India ilijitoa mwaka 2008 baada ya watu wa mazingira kupiga kelele. Mwalimu aliningoja nimalize.

"Fundi, mimi nimeomba kifaranga tu."

Na kweli, ombi lake lilikuwa na njia. Kifaranga wa manyoya laini hawezi kuwapo Mambrui, lakini kijana anayeruka anaweza. Heroe kijana hana waridi hata kidogo: ni wa kijivu na kahawia, miguu ya kijivu, mdomo wa kijivu, na inamchukua miaka kadhaa kufikia rangi za wakubwa. Watu wakimwona pembeni mwa kundi hudhani ni ndege wa aina nyingine. Nikapendekeza yule anayekula awe kijana. Kimo chake nikakipunguza kwa kukata nondo, mti haukuguswa.

"Kwa hiyo mmoja ni mweupe, mmoja wa kijivu," mwalimu akasema. "Pinki yangu inapungua kila tukizungumza."

Nilimkumbusha bawa.

Juni, rangi

Rangi ya waridi ya dukani nimeikataa. Ina ubaridi fulani, imeelekea zambarau, na heroe ana joto: waridi wake umeelekea chungwa. Hiyo inatokana na chakula. Viduvi na mimea ya majini vina karotenoidi, jamii ile ile ya rangi iliyo kwenye karoti na maembe. Mwili wa heroe unazibadilisha na kuzipeleka kwenye manyoya, ngozi na mdomo. Wanaofugwa kwenye bustani za wanyama walikuwa wakipauka baada ya kupukutisha manyoya, mpaka wafugaji walipojifunza kuwachanganyia rangi hizo kwenye chakula.

Mchanganyiko wangu: rangi nyeupe ya mafuta, nyekundu kidogo, manjano kidogo zaidi ya unavyodhani, na tone la kahawia ili isipige kelele. Kwa mwili wa heroe anayesimama na mguu mmoja, nyeupe ilibaki nyeupe karibu yote. Nilipaka waridi mwepesi, nikaupangusa kwa kitambaa ukiwa haujakauka, ukabaki kwenye mifereji ya tezo tu. Shingoni niliuongeza. Nina sababu. Mwaka 2010 watafiti nchini Hispania walieleza kwamba heroe mkubwa hujipaka. Juu ya mkia ana tezi ya mafuta, mafuta hayo yana karotenoidi, na wakati wa kutafuta wachumba anasugua shavu kwenye tezi kisha anasugua shingo, kifua na mgongo. Akiacha kujipaka, rangi inafifia. Jua linaila, kama litakavyoila rangi yangu.

Mpwa wangu alifurahi sana kusikia kuwa na heroe wanajipodoa. Akauliza madume au majike. Wote, lakini majike zaidi. Akanyamaza.

Bawa la heroe wa tatu tulilipaka kwa zamu, mchana kutwa. Mbele wekundu wa kweli, bila kupangusa, bila kuogopa. Nyuma weusi, manyoya moja moja, kila moja na ukingo wake. Nilipolisimamisha barazani, jirani anayeuza maji alisimamisha mkokoteni na kusema huyo sasa ndiye heroe. Wale wengine wawili hakuwatazama. Kwa hiyo mwalimu alikuwa na haki yake.

Julai, kusimamisha

Kusi limekaza, na bawa lililofunguka ni tanga. Sikulala vizuri kabla ya siku ya kupeleka.

Tulichimba mashimo matatu, la huyu wa mabawa likiwa na kina mara mbili ya mengine, tukamwaga saruji yenye kokoto na vipande vya nondo. Kisha tukamgeuza kifua kielekee kusini, upepo ukute ubavu mwembamba wa bawa badala ya uso wake mpana. Ndege wa ufukweni wenyewe husimama hivyo, wakielekea upepo ili manyoya yasifumuke. Yule wa mguu mmoja aliyumba kidogo, akarudi. Fundi wa vyuma, aliyekuja bila kuitwa, alimsukuma kwa kiganja zaidi ya mara moja, akaridhika.

Pete za matope tulizichora kwenye saruji ikiwa mbichi, kuzunguka miguu ya yule kijana wa kijivu, kwa vipimo vya karatasi ya sigara.

Watoto walipofunguliwa darasani walikimbilia bawa, wote. Ilikuwa hivyo mpaka msichana mmoja mdogo akalala chali chini ya kijana wa kijivu, akaita wenzake kwamba ana meno. Nikasikia mwalimu wa darasa akimjibu kwamba si meno, kisha akanitazama nimalizie.

Kwa wachongaji mlioniuliza: vanishi ya nje, mara tatu, na ya nne baada ya mvua za vuli. Skrubu za shaba nyeupe, hata kama ni ghali. Shimo la maji chini ya mkia, lenye upana wa msumari, ili ndani kusiwe na jasho. Bamba la tumboni lisipungue upana wa kiganja.

Salio la malipo limeingia. Limebaki jambo moja ambalo mwalimu mkuu amelibuni mwenyewe na mimi nimelikubali bila bei. Yule kijana wa kijivu hatabaki kijana. Kila mwaka watoto wa gredi ya nne watamwongezea rangi kidogo, kwa mchanganyiko wangu, mdomo kwanza, kisha miguu, kisha weupe wa mwili, mpaka afikie wenzake. Nimewaachia makopo matatu yenye alama na brashi mbili. Kopo la nyekundu mwalimu amelifungia kabatini mwake, na ufunguo anao yeye.